Vitabu vya Wageni

Kwetu Ushetu kila mama alikuwa na sahani za wageni, zenye maua, na mtoto aliyezigusa alichapwa. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitunza vitabu vya kijiji kwa sheria hiyohiyo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mikono yangu ilinuka tumbaku ya shamba letu, kichwa changu kilikuwa na njaa, na pale ofisini kwa mwalimu, nyuma ya kioo cha kabati, zilisimama riwaya nene za nchi za mbali zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Moja, yenye jalada jekundu, niliisoma nusu, siku mwalimu alipougua homa na mkewe akaniachia ufunguo. Ndani yake mjane alikuwa ameushtaki ukoo mzima wa marehemu mumewe kwa ajili ya shamba. Nilimwacha mbele ya hakimu, anafungua mdomo.

Nilitaka kujua alisema nini. Sikuwahi kumsikia mwanamke akiwajibu wakubwa, na nilijua jibu lile ningelihitaji mimi mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kile chekundu."

"Marahaba. Kwa mikono hiyo ya tumbaku?"

"Nimenawa kwa sabuni."

"Chukua hiki cha kilimo cha pamba."

"Sisi hatulimi pamba."

"Basi anzeni!" Akacheka. "Vile vinamsubiri mkaguzi. Akikuta kurasa zimekunjwa, nitamwambia nini?"

"Kwamba zimesomwa."

"Una mdomo, mayu," akasema, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Nani atakuoa?"

Msimu mzima nilirudi kila Jumatatu. Msimu mzima alinicheka.

Mkaguzi alikuja baada ya mavuno. Tukapangwa mstari, tukaimba. Mwalimu akafungua kabati kwa madaha, akavuta kile chekundu, na jalada likambakia mkononi. Ndani kulikuwa na udongo tu. Mchwa wakatawanyika wakikimbia mwanga. Akavuta kingine, na kingine. Kwa nje vyote vilikuwa safi, havina hata alama ya kidole.

"Mchwa wa huku, mheshimiwa, ni wabaya sana," akasema mwalimu, na watu wakacheka ili kumsitiri.

Nikatoka kwenye mstari. "Mchwa wa kijiji hiki wamesoma kuliko watu wake."

Kicheko kikakatika. Mama akanivuta mkono hadi nyumbani.

Kitabu kile sijakiona tena popote. Sijui mjane alimjibu nini hakimu. Na mwalimu yule, ambaye sasa ni mzee na watu huniambia nimsamehe, sijamsamehe.