Kichwa Watakiweka Wapi?

Fundi wa nguo wa mtaa wetu, pale Beu mjini Beni, alikuwa na kazi mbili, na zote alizifanya kwa mdomo. Siku sita alishona barazani kwake huku akisengenya wapita njia. Jumapili baada ya misa alisimama kando ya televisheni katika jumba la video, fimbo mkononi, akatutafsiria sinema. Ilikuwa wakati wa vita, barabara zilikuwa za kubahatisha, na kanda mpya hazikuletwa na mtu. Tulitazama chochote kilichopatikana. Fundi hakujua Kiingereza, wala Kichina, wala lugha nyingine yoyote ya kanda zile. Hilo halikumzuia hata siku moja.

Jumapili moja nilimpeleka mama. Kosa hilo ni langu, nalikiri.

Mama alikuwa na tezi shingoni, limevimba kama parachichi. Alilala ameketi, na hata akitembea pumzi yake ilipiga mluzi. Daktari wa Butembo alikuwa ametuambia wazi kwamba lisipokatwa kabla ya Krismasi, litamziba pumzi. Siku ya kupasuliwa ilikuwa imeshapangwa. Baba alikuwa amekwama Kanyabayonga na magunia yake ya maharage, kwa hiyo nilibaki mimi peke yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, kumtunza. Nilidhani sinema itamsahaulisha woga.

Sinema yenyewe ilikuwa kuukuu, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa na watu wasio na hela. Ukuta wa hospitali ulitikisika kila mlango ulipofungwa. Daktari mwenye macho ya kutumbua alikata kichwa cha tajiri mzee, akakiweka kwenye sinia, kisha akakishonea kwenye kiwiliwili cha kijana mpasua kuni. Kichwa kikiwa bado kwenye sinia kilipepesa macho, na chini ya kitambaa cha meza tuliyaona magoti ya mwigizaji mwenyewe. Ukumbi mzima ulicheka. Halafu mambo yakaharibika. Kichwa kiliagiza gari, miguu ikaenda zake msituni kutafuta shoka.

"Munaona?" fundi alipiga kelele, akigonga kioo kwa fimbo. "Kichwa inasema twende banki, mwili inasema hapana! Juu ya nini? Muangalie mushono! Ni mushono ya gunia ile! Uzi hapana fungwa ku mwisho. Miye nishone suruali vile, mutanipiga!"

Nilicheka mpaka machozi. Nilipomgeukia mama, alikuwa ameishika shingo yake kwa mikono miwili.

Kesho yake alitangaza kwamba haendi Butembo tena.

"Banakata shingo, sawa," alisema. "Sasa kichwa yangu bataiweka wapi? Ku meza? Pamoja na ya bengine? Na bakikosea kurudisha?"

Nilimweleza kwamba tezi si kichwa. Akanijibu kwamba mimi si daktari, na kwamba fundi ameona sinema nyingi kuliko mimi. Kwanza nilikasirika. Halafu akainuka kwenda kuchota maji, nikasikia ule mluzi mpaka kisimani, na hasira yote ikageuka woga. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa fundi.

"Papa fundi, mama atakufa juu ya mudomo yako. Ni weye ulishona hii mambo, ni weye utafumua."

Aliacha suruali nusu kwenye cherehani. Alikuja nyumbani kofia mkononi, akajaribu kusema kwamba sinema ni uongo mtupu, lakini mama alikuwa kama hamsikii. Ndipo akatoa ahadi ambayo fundi wa nguo peke yake angeweza kuitoa. Atafuatana naye mpaka hospitalini, na kabla ya kisu kugusa ngozi, atakagua uzi, sindano na mkono wa mshonaji. Mama akakubali. Maneno yangu mimi aliyenizaa mwenyewe hayakutosha. Ya mtu wa cherehani yalitosha. Yaliniuma, lakini mwenye shida hachagui.

Kwenye kizuizi kabla ya kufika Butembo askari alituuliza tunasafiri kwa ajili ya nini. Sijafungua mdomo, fundi alikwisha kumweleza habari yote ya shingo, kichwa na mshono. Kumbe yule askari naye alikuwa mtu wa kuingia jumba la video bila kulipa, na sinema ile aliitazama mara mbili. Akamwinamia mama kwa huruma.

"Mama na ngai," alisema, yaani mama yangu kwa Kilingala chake cha jeshi, "kichwa yako iko muzuri. Hapana kubali babadilishe."

Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mkoa mwingine. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Halafu akapandisha shati, akatuonyesha kovu tumboni. Alisema alishonwa na mwalimu wake, yule yule aliyemfundisha kazi. Fundi alielewa mara moja, maana kwao pia mkono hurithiwa hivyo. Akavaa miwani, akapitisha kidole gumba juu ya kovu.

"Mushono ya muzuri, docteur. Lakini uzi ilikuwa mingi."

"Wakati ile uzi ilikuwa inapatikana," daktari akajibu, na mama, aliyesikia hapo kwamba siku hizi uzi haupatikani, akanitupia jicho kali. Kisha akauliza swali lake.

"Na kichwa, docteur?"

"Itabakia pale pale, mama. Hapana mutu ataigusa."

Tulingoja nje tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Fundi alisimama mlangoni akatafsiri kila kelele. "Sasa banakata. Sasa banatafuta sindano." Nilimwambia anyamaze, nikarudia rozari, nikapotea katikati, nikaanza upya. Hatimaye nesi akatoka na beseni, kama ilivyo desturi, ili ndugu wa mgonjwa waone kilichotolewa. Mimi nilitazama. Fundi, aliyetusimulia vichwa vilivyokatwa miaka na miaka, alianguka kama mgomba.

Mama alikatazwa kusema siku tano. Fundi hakurudi Beni. Alidai hawezi kuacha kazi kabla ya kuona mshono umekauka. Akajipa kazi ya kutafsiri mikono ya mama. Mama akionyesha kikombe, fundi aliwatangazia wagonjwa wote kwamba mama ameona malaika. Siku ya tano mama alionyesha mlango, mara moja, mara mbili, kwa nguvu.

"Anauliza kama barabara ya Kanyabayonga imefunguka," fundi alieleza.

"Nyamaza, fundi! Minasema bafunge mulango, baridi inaniua!"

Maneno yalitoka kinywani mwa mama, lakini sauti ilikuwa nene, ya mwanamume. Wagonjwa waligeuka. Fundi aliinama akatazama chini ya kitanda. Baadaye daktari alitueleza kwamba mshipa wa sauti uliguswa, na pengine sauti haitarudi; haikurudi. Lakini saa ile sikujua lolote. Nitasema kweli, niliiamini ile sinema. Nilirudi nyuma mpaka ukutani, nikimtazama mtu aliyevaa uso wa mama yangu.

Aliniona. Akaniita kwa mkono, sikusogea.

"Na weye, juu ya nini unasimama mbali?" ilisema ile sauti. "Angalia namna umekonda. Umekula?"

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikaficha uso kwenye blanketi lake, nikalia mbele ya watu wote, na yeye akaendelea kuniuliza kwa sauti ile ya mwanamume nimekula nini tangu siku ile tuliyofika.