Ombi la Mama Kola

Jina la ubatizo analo, lakini hata mchungaji humwita Mama Kola. Majoho ya kwaya aliyashona yeye miaka yote, na kola zake zilikaa shingoni zimetulia, hazikunjiki wala hazibani. Kazi hiyo hakulipwa zaidi ya asante, na asante hiyo ndiyo iliyomnenepesha. Jumapili kwaya ikisimama kuimba, wenzake walisikiliza wimbo; yeye alitazama shingo.

Basi mwaka huu majoho mapya akapewa Fundi Mdogo.

Fundi Mdogo ni binti aliyehamia mtaani juzijuzi, mwenye cherehani ya umeme na kicheko cha karibu. Na aliyempokea ni nani? Mama Kola mwenyewe. Ndiye aliyemwonyesha duka la vitambaa lisilopunja, akamwazima mkasi, akamkaribisha sebuleni kwake pale dirishani. Jioni walikaa wakifumua mishono, binti akimwaga yaliyomjaa moyoni. Siku moja machozi yalimdondoka juu ya upindo.

"Mama, mume wangu hayuko safarini kama ninavyowaambia watu. Ameondoka. Hili ni langu na lako tu."

Mama Kola alimfuta machozi, na alimfuta kwa upendo wa kweli. Hilo lazima lisemwe, maana yanayofuata hayapendezi.

Mke wa mchungaji alipotangaza kanisani, "Safari hii majoho atashona dada yetu mgeni, tumpumzishe mama yetu," Mama Kola alipiga makofi kuliko wote, na ndani roho ikamwuma kama aliyemeza pini. Kupumzishwa! Nani aliomba kupumzika? Alifika nyumbani akamkuta mumewe, fundi baiskeli asiyejua kupamba maneno, ameinamia mnyororo.

"Nimemfundisha mimi, leo ananipindua mimi! Shukrani ya punda..."

"Ni mateke," mumewe akamalizia. "Lakini hayo si mateke, mke wangu. Huo ni wivu."

"Wivu? Mimi? Nimwonee wivu mtoto asiyejua hata kukata kola?"

"Ndiyo huo huo," akasema, akaendelea kupaka grisi.

Tangu hapo hakupata raha. Akisikia ile cherehani ya umeme ikinguruma nyumba ya pili, alifunga dirisha. Akiona kitambaa cha majoho kimeanikwa uani, alikitafutia doa. Binti akibisha hodi, jibu likawa moja: "Kichwa kinaniuma, mwanangu, rudi siku nyingine." Kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Kola alikitunza vizuri kile kinachomla.

Sasa, kina mama wa kanisa lile hawasengenyi. Ni mwiko, na aliyeusimamia kwa ukali kuliko wote ni yeye Mama Kola. Lakini upo mlango wa nyuma ambao hakuna aliyewahi kuufunga, nao ni haja za maombi. Kwenye maombi ya Alhamisi kila mmoja hutaja haja, na haja haijadiliwi, huombewa tu. Habari nyingi za watu zimepita hapo, na waliozipitisha wamefumba macho kwa unyenyekevu.

Alhamisi hiyo zamu yake ilipofika, alitoa sauti ya huruma.

"Wapendwa, tumbebe dada yetu Fundi Mdogo. Mume kamkimbia, naye anatuficha. Mungu amponye na uongo, maana anashika mavazi ya madhabahu."

"Ee Bwana!" wakaitikia, na maombi yakapanda. Katikati yake Mama Kola alifumbua jicho moja aone neno lake limepokewaje. Akamwona Fundi Mdogo amesimama mlangoni, majoho yamemlalia mkononi, anawasikiliza kina mama wakimlilia Mungu habari za nyumba yake.

Binti hakupiga kelele. Alingoja mpaka amina, kisha akamwendea.

"Shikamoo, mama. Haya hayana kola. Tangu siku ya kwanza nilimwambia mke wa mchungaji kwamba kola ni zako, mimi siziwezi. Kila nikija kukuambia, kichwa kinakuuma."

Akamwekea majoho mapajani, akatoka. Kina mama wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kufunga ibada.

Kesho yake Mama Kola alimfuata nyumbani kwake. Njiani alikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Alipofika mlangoni yote yalimwisha.

"Mwanangu, jana sikukuombea. Nilikusema. Nilikuonea wivu nikakuvua nguo mbele za watu, tena nikamshirikisha Mungu. Wenzangu nimeshawaambia hivyo hivyo. Nisamehe."

Binti aliufungua mlango wote. "Nimekusamehe, mama," akasema, na alimaanisha, kwa sababu alimvutia kiti na kumtilia chai. Wakakaa pamoja kushona kola.

Mama Kola akangoja. Zamani mshono wa kwanza tu ungetosha kumfungua binti mdomo.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Vizuri, mama. Naomba huo uzi."

"Usiku umelala?"

"Nimelala," akajibu, na macho yamemvimba.

Muuza maziwa akabisha mlango wa uani. Binti akachukua sufuria akatoka, akakawia. Mama Kola alisikia sauti ya chini ikisimulia, kisha kilio, kisha muuza maziwa akisema, "Pole, mwenzangu. Pole sana." Sindano ikamtulia mkononi. Uchungu wa majoho haukuwa kitu mbele ya huu. Alimwonea wivu yule mwanamke wa maziwa kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Binti akarudi, uso ameukausha, akaketi.

"Kulikuwa na nini?" Mama Kola akauliza taratibu.

"Maziwa tu, mama," akasema, akavuta kola nyingine.