Chupa Chini ya Shimo

Juzi hapa Sanyuanli, mtaa wa Kichina ninakonunua bidhaa, jirani na ofisi ya kago, wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wanafukia shimo lao. Mmoja akaweka chupa ya plastiki chini kabisa, kisha udongo ukamwagwa.

Harufu ya ule udongo mbichi ilinirudisha kwetu, mchana mmoja nikiwa mtoto, siku chache baada ya kumzika baba. Mzee wa Kizungu, aliyechimba miji ya kale tangu ujana wake, kuanzia Misri hadi pwani yetu, alishuka shimoni akinuka tumbaku ya kiko. Akalaza chupa tupu ya soda, akapanda akikohoa, shimo likafukiwa. Nilidhani waliolala chini husikia kiu. Nikaokota chupa nyingine, nikaijaza maji ya kisima, nikaifukia kaburini kwa baba. Sikulia.

"Kwa nini chupa, mwanangu?" nilimwuliza juzi mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa akichimba na hawa wa Sanyuanli.

"Ni alama, Ami. Atakayekuja kuchimba baadaye ajue hapa palishatafutwa, hakuna kilichobaki."

Nikamshukuru, nikarudi kufunga marobota yangu ya jinzi.