Friji Iliyojibu kutoka Mtendeli

Siku ya kwanza kazini Kasulu nilifika ofisi ikiwa bado imefungwa, nikafuta viatu mara tatu. Sikuwa na cheti. Mitandao nilijifunza kwenye simu ya kaka yangu, na niliogopa kwamba yeyote atakayeniuliza swali la pili atanigundua.

Mratibu alinionyesha skrini. "Kila mstari hapa ni friji ya chanjo kwenye zahanati fulani. Ikipata joto, programu inapiga kelele, tunakimbia. Friji isiyo kwenye orodha ikifa, inakufa kimya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Baadaye nikahamishiwa Kibondo, mimi na orodha yangu. Kazi ilikuwa kuvigundua vifaa: programu inaita anwani moja baada ya nyingine, na kila kifaa kilichofungwa kwenye friji kinajibu kwa kutaja jina lake na nyuzi joto. Kisipojibu, unakagua anwani, neno la siri, kisha ulinzi wa mtandao, usije ukawa umezuia wito. Mimi nilikagua kila kimoja mara nne. Ndivyo nilivyo.

Zahanati moja upande wa Nyabibuye haikuonekana kamwe. Nilimpigia muuguzi wake, Mama Ester, karibu kila siku, nikianza kwa salamu ya Kiha.

"Mwakeye, mama. Kifaa kinawaka?"

"Taa ya kijani hiyo hapo, mwanangu. Au nipige nayo picha ndiyo uamini?"

Wakati huohuo palikuwa na mstari usiotakiwa kuwepo: MTENDELI-02. Kambi ile ya wakimbizi wa Burundi ilishafungwa, watu wameondoka. Lakini kila asubuhi ulijibu. Nyuzi nne. Halafu sita. Halafu nne tena, kama friji inavyofanya mtu anapofungua mlango, anachukua kitu, anafunga. Nilitazama hadi chai ikapoa mkononi. Mtu anatoa chanjo pale. Anamchanja nani?

Nikakodi bodaboda ya Hamisi tukaenda. Nyasi zilifika kiunoni. Palipokuwa kliniki pamebaki sakafu ya saruji, bila ukuta wala paa. Nikafungua orodha kwenye simu. Nyuzi nne. Sita.

"Kuna mtu ameifungua sasa hivi," nikasema.

Hamisi aliitazama ile sakafu tupu, akawasha pikipiki. "Kaka, mimi nina watoto. Unapanda au unabaki?"

Naungama: sikutafuta zaidi. Ijumaa Mratibu alikuwa anakuja kukagua, nami sikuweza kumwonyesha orodha yenye mzimu. Nikaufuta ule mstari, nikaiamuru programu isiiite tena anwani ile. Nyabibuye nikaiandikia "inashughulikiwa." Mratibu alinipongeza.

Jumatano iliyofuata Mama Ester akapiga yeye. "Kumbe betri ya sola imekufa tangu juzi. Friji ina joto kama jiko! Jana nimechanja watoto kumi na mmoja, sijui kama chanjo ilikuwa bado nzima. Mbona hamkunipigia?"

"Mama, kifaa chako hakijawahi kuonekana."

"Hakijawahi vipi? Mtendeli ilipofungwa nilikuja nacho mwenyewe, friji na kila kitu, nimekipakata njia nzima."

Niliirudisha ile anwani. Mstari ukatokea papo hapo: MTENDELI-02, nyuzi ishirini na nane. Kwa betri yake ndogo kifaa kilikuwa kimetoa habari siku mbili, kwa jina kililopewa kambini, na mimi nilikuwa nimeziba masikio. Nilikagua anwani mara nne. Sikumuuliza muuguzi hata mara moja kifaa chake kilitoka wapi.

Mratibu alisema, "Kosa la mgeni, kijana. Endelea na kazi." Nilimkubalia kwa mdomo tu. Asubuhi yake nilikuwa Nyabibuye, nimesimama mbele ya mabenchi ya akina mama. Mama Ester alikataa kunisemea. "Waambie wewe."

Nikawaambia. Mmoja akamgeuza mtoto wake mgongoni. "Kwa hiyo juzi wangu amechomwa maji?"

Tulipita nyumba kwa nyumba na daftari hadi watoto kumi wakachomwa tena. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi. Nimestaafu nina miaka ishirini na saba. Ninyi mnaoanza, jina kwenye skrini liliandikwa na mtu. Mtafuteni mtu huyo kwanza.

Wa kumi na moja hatukumpata. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, majivu jikoni bado yana moto. Jirani alisema wamevuka kurudi Burundi, hakujua upande gani.