Clarrie na Malhamu ya Mapapai

Clarrie Pascoe ni shemeji yangu, na kwa ubishi sijaona nyumbu wa kumfikia. Amelima miwa miaka arobaini kwenye jua la Queensland bila kofia. Kofia, anasema, ni za watalii. Mimi nilivaa. Ndiyo maana nilibaki na sura ya kumpata dada yake, Noelene, aliyempa Clarrie figo yake moja miaka tisa iliyopita.

Dawa zinazoilinda figo ya kupewa hulaza ulinzi wa mwili, na hapo saratani ya ngozi hupata mwanya. Clarrie alishakatwa madoa manne. Ndipo nesi akampa krimu ya kuzuia saratani, ya kupaka utosini na masikioni, mara mbili kwa siku, wiki nne.

"Utawaka na kubambuka. Usiache, hapo ndipo inafanya kazi."

Siku ya sita bwana mkubwa akawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Jumamosi ile alikuwa apigwe picha, maana klabu yetu ya kuviringisha mipira nyasini, kwa uchache wa watu wenye akili, ilimchagua mwenyekiti. Akaiosha krimu yote, akajipaka malhamu ya mapapai, ile ambayo watu wa huku hupaka kila mahali, kuanzia midomo hadi makalio ya mtoto.

"Shemeji, hiyo haizuii saratani," nikamwambia.

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La nane. Lakini nesi nilimwelewa."

"Hii inatuliza, bwana. Kinachounguza hakiwezi kuwa dawa."

Picha ikatoka laini. Miezi mitatu baadaye uvimbe ukachipuka sikioni. Daktari hakuzungusha maneno: tunakata, na ukisambaa itabidi dawa za figo zipunguzwe, na figo yenyewe huenda ikafa.

Noelene alikuwa akipaka mkate siagi jikoni kwetu Clarrie alipompa habari hizo.

"Nilipasuliwa ubavu kwa ajili yako, Clarrie," alisema bila kuinua macho. "Ukiiua kwa sababu ya picha, shauri yako. Nimebaki na moja, na hiyo siitoi."



Walimkata nusu ya sikio. Uvimbe haukusambaa, figo ikapona. Siku hizi anapaka krimu mpaka siku ya mwisho, anakuja klabuni amebambuka kama ukuta wa zamani, na anawahubiria wenzake kwamba yeye, tangu mwanzo, alimwamini nesi.