Amina Juu ya Boneti

Kwa nini shangazi alinyamaza katikati ya sala? Nimejiuliza mara nyingi. Huenda pumzi zilimwishia. Huenda alihisi kiganjani kile nilichokihisi mimi, tulipokuwa tumeweka mikono juu ya boneti ya gari alilokuwa ananunua kwa kaka yangu.

Lilikuwa gari kuukuu, la enzi za kabureta, na kwa miezi kadhaa lilikuwa limeshindwa kutulia. Ukisimama penye taa, injini ilipanda, ikashuka, ikatetemesha viti, kisha ikazimika. Shangazi alilitaka kwa ajili ya mumewe, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na kliniki haikumsubiri. Kuzimikiwa na gari katikati ya Ngong Road, mgonjwa akiwa amejilaza kiti cha nyuma na honi zikikutukana, ni jambo ambalo sikutaka hata kuliwaza.

Kaka alinituma nilipeleke kwa fundi mmoja huko Kangemi, kwa kuwa ni karibu na kwangu. Boneti ilipofunguliwa, harufu ya petroli na mafuta yaliyoungua ilinipanda puani. Koo la kabureta lilikuwa na utando mweusi unaovutika kama makamasi. Fundi aliubana kwa vidole mpira mmoja mwembamba uliopasuka, na injini ikatulia. Alipouachia, ikaanza tena kuyumba.

"Inavuta hewa hapa, mkubwa. Tubadilishe mpira, tuoshe kabureta, iishe."

Nilimpigia kaka. Alikuwa mezani, nilimsikia akitafuna.

"Mwambie apandishe tu resi."

"Mpira umepasuka."

"Si nimesikia. Atabadilisha mwenyewe akishaichukua. Kwani anaenda na hiyo gari Kongo?"

"Anampeleka mzee kliniki."

"Sasa wewe ndiyo utanifundisha kumjali shangazi yangu? Hiyo ni gari ya familia. Haitoki nje."

Fundi, aliyekuwa amesikia yote, alicheka puani, akachukua bisibisi na kukaza skrubu moja ya kuongeza kasi ya injini. Injini ikapaza sauti kama mtu anayeongea kwa nguvu ili asiulizwe swali. Haikuzimika tena.

"Hapo itashika mpaka mwenyewe aizoee," alisema. "Wote wanaouza hufanya hivi."

Nililirudisha kwa kaka. Lile neno, familia, lilikuwa limetumika kama tambara la kufutia mikono michafu.

Jumapili, baada ya kanisa, tulikusanyika uani kwa kaka, Kitisuru. Kwetu gari halikabidhiwi bila kuombewa. Kaka aliliwasha mwenyewe, akasema tuliombee likiwa linanguruma, kisha akatupanga kulizunguka. Alisali vizuri. Alimshukuru Mungu kwa chombo kizima, na kwa undugu usio na hila. Nilifumbua macho nikaviona vidole vyake juu ya boneti, vikiwa bado vinang'aa kwa mafuta ya sambusa.

Akamwachia shangazi afunge.

"Baba, utulinde njiani," shangazi alianza, "na huyu mzee wangu asije aka..."

Akanyamaza. Chini ya viganja vyetu injini ilikuwa ikikimbia pasipo kwenda popote. Kimya kilipozidi, kaka alitia amina kwa niaba yake, nasi sote tukaitikia. Amina yangu ilibaki mdomoni kama maziwa yaliyochacha.

"Unasikia, shangazi?" kaka alimuuliza. "Hata haitaki kuzima."

"Naisikia," alijibu, akiufuta mkono wake kwenye sketi.

Kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na shangazi haendeshi usiku, tulikubaliana nilale na gari, nimpelekee asubuhi nyumbani kwake Woodley. Nikiwa njiani kurudi kwangu niliamua kwamba halitafika kwake jinsi lilivyo. Niliwaza kulitengeneza kimyakimya na kumsitiri kaka, na wazo hilo nalo likanitia kinyaa. Kimyakimya ndiyo namna yetu ya kufanya kila kitu.

Asubuhi fundi aliniona akatikisa kichwa. "Imerudi haraka hivi?" Alibadilisha mpira, akaosha kabureta hadi maji ya petroli yakaacha kutoka meusi, kisha akailegeza ile skrubu. Injini ilishuka ikabaki chini, polepole, bila kuyumba. Simu ya kaka iliita tukiwa bado tumeinama.

"Umeshafika?"

"Niko kwa fundi. Nimeweka mpira mpya, na nitamwambia shangazi kwa nini."

"Utamwambia nini?"

"Ulichoniambia."

Akakata simu.

Nilipofika Woodley, shangazi alitoka langoni akiwa tayari amemvisha mumewe koti. Sikulizima gari. Nilifungua boneti, nikamwonyesha ile skrubu na mahali ilipokuwa jana, nikamtajia aliyeagiza. Kisha nikatoa mfukoni mpira ule uliopasuka, ungali na masizi, nikauweka mkononi mwake.