Ruhusa ya Ijumaa

Jogoo hawajamaliza kuwika, na Mama Kwato tayari ana brashi mkononi. Farasi wa kijivu hataki kusimama. Anapiga kwato sakafuni, anageuza shingo, anamsukuma mtunzaji wake kwa pua.

"Tulia, baba," anambembeleza, kisha anacheka. "Namwambia atulie, na mimi mwenyewe sijatulia. Huyu husikia moyo wa anayemshika."

Anaweka brashi chini, anatoka nje ya banda, anafumba macho na kusali. Ndivyo alivyofundwa alipoanza kazi hii miaka kumi na moja iliyopita: ukiwa na wasiwasi, usimguse farasi.

Wasiwasi wenyewe ni wa Ijumaa. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, anashindana kuruka viunzi Jumamosi akiwa amempanda farasi huyu, na sharti wote wawili wakaguliwe siku moja kabla. Bila ruhusa ya shule, huo ni utoro. Tena ameshaonywa: akitoroka mara nyingine, mtihani wa kufunga mwaka atausikia kwa wenzake.

"Wacheza mpira wanaruhusiwa wiki nzima," anasema Mama Kwato. "Mimi nimeomba siku moja tu, mkuu wa shule akaniuliza, 'Mpira ni wa shule. Farasi ni wa nani?' Nikamwambia, 'Ni wa bosi wangu, mwalimu. Changu mimi ni kinyesi.'"

Mkuu alicheka, lakini hakuruhusu. Alisema atapiga simu.

Binti anatokea akiwa na sare ya shule. "Mama, hajapiga?"

"Hajapiga. Usinitie presha."

"Akikataa, natoroka."

"Thubutu! Na farasi gani? Huyu mlango simfungulii."

Simu inatetemeka mfukoni. Mama Kwato anaipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo, mwalimu... Ndiyo... Mungu akubariki."

Binti ameruhusiwa, ila jaribio la hesabu la Ijumaa alifanye Alhamisi jioni, saa ileile ya mazoezi ya mwisho.

"Sasa nani atamzoeza?" binti analalamika.

"Mimi, kwa kamba. Nitamkimbiza huku, nawe kimbizana na hesabu zako."

Anarudi bandani. Farasi bado anapiga kwato.

Mwakani Mama Kwato anataka kuiomba shule iuhesabu upandaji farasi kuwa mmoja wa michezo yake, maana watoto wa watunzaji wenzake nao wameanza kupanda.

"Siku hiyo mwalimu akiuliza farasi ni wa nani," anasema, akiokota brashi, "namwomba Mungu amjalie ajijibu mwenyewe: ni wetu."